AFYA YETU: Homa Iliyopewa Jina Umakondeni

Mwaka 1952 homa ngeni iliingia Newala na Masasi. Ilimshika mtu ghafla. Viungo vilimuuma hata akashindwa kunyooka. Watu wakaiita kwa Kimakonde chikungunya, yaani kinachomkunja mtu. Leo madaktari wa dunia nzima, hata wa India na Marekani, wanaiita kwa jina hilohilo.

Homa hii huletwa na mbu. Si yule wa malaria anayeuma usiku. Huyu ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni, naye huuma mchana. Akimuuma mgonjwa, baada ya siku kadhaa anaweza kukuambukiza wewe.

Kwa nini ilienea hapa? Fikiri juu ya maji. Huku juu hakuna mito. Maji yalifuatwa mbali mabondeni, yakawekwa mitungini ndani ya nyumba. Mbu huyu hupenda mtungi kuliko bwawa. Hutaga mayai ubavuni mwa mtungi, kwa ndani, juu kidogo ya maji. Mayai hayo hukauka, lakini hukaa miezi mingi bila kufa. Ukitia maji tena, yanaanguliwa.

Basi kumwaga maji peke yake hakutoshi. Na nani atamwaga maji aliyoyabeba kichwani? Ngoja maji yapungue, yahamishe, kisha sugua mtungi kwa ndani kwa mchanga au brashi. Fanya hivyo kila wiki, maana yai huwa mbu kwa siku 7 hadi 10. Funika mtungi pasibaki nafasi. Makopo na vifuu vya nazi vifukie.

Ukishikwa na homa, usibahatishe dawa. Nenda zahanati ukapimwe, maana huenda ni malaria, nayo huua upesi. Ulaya na Marekani kuna ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na kupe. Nao huumiza viungo, lakini una dawa ya kuutibu. Chikungunya haina. Mgonjwa hupewa parasetamoli ya kutuliza maumivu, anywe maji mengi na kupumzika. Asimeze aspirini kabla ya kupimwa: kama ni homa ya dengi, anaweza kutoka damu.

Wengi hupona. Lakini viungo vinaweza kuuma kwa miezi, hasa kwa wazee. Mtu huyo asiitwe mvivu akishindwa kushika jembe.

Wiki ya kwanza mgonjwa alale ndani ya chandarua hata mchana, ili mbu asichukue ugonjwa kwake na kuwapelekea watoto.