Mtamba anayenyamaza wakati wa jua

Wiki iliyopita tuliahidi kuandika juu ya madaftari ya watoto, lakini neno la Subira limekuwa kubwa mno kwenye mkutano. Madaftari yatangoja.

Kwa wale ambao hawakufika: Subira ni mtamba wa likelemba yetu, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Tulimnunua mwezi wa tano kule Pepa, juu ya Marungu, tukamshusha mpaka kwa mwenzetu anayekaa chini, njia ya Moba-Port, maana yeye ndiye mwenye lupango pana. Mwezi wa tisa ukaisha, hakuna aliyemwona hata siku moja akitaka dume. Wengine wakasema ni tasa, auzishwe kwa mchinjaji mbele ya Noeli. Neno hilo tunajua wote namna linavyotupwa hapa kwetu, hata juu ya watu, kabla mtu hajauliza swali moja. Basi tukaomba wiki tatu.

Fikirini alikotoka. Marungu milima inapita metre 2.000, na asubuhi kuna baridi ya kuvaa koti. Ziwa liko kwenye metre 770 hivi. Tulimtoa kwenye baridi tukamweka kwenye jua la mwezi wa tisa na wa kumi, kabla ya mvua, wakati majani yamekauka. Ng'ombe anayesikia joto hivyo anakula kidogo. Ubongo wake, ambao ndio unaotuma amri kwa vifuko vya mayai, unalegeza amri hizo. Kwa kawaida hamu ya dume inarudi kila siku 21 hivi na kukaa karibu nusu siku. Joto likizidi, inakuwa ya saa chache tu, tena usiku, sisi tukiwa tumelala. Mnyama si tasa. Ananyamaza.

Wanaoijua shida hii sana ni wafugaji wa nyati wa India, Pakistani na Misri. Si mbogo wa porini anayetisha watu, hapana, ni nyati wa kufugwa, wa kukamua maziwa. Ngozi yake ni nyeusi, nywele chache, jasho kidogo, ndiyo maana anapenda kulala majini. Wakati wa jua kali nyati wachanga wa kike wanaweza kupitisha miezi bila alama yoyote. Wafugaji wanawatia kivulini, wanawamwagia maji mchana, wanawalisha jioni na usiku, tena wanawachunguza alfajiri. Hakuna dawa ya ajabu hapo.

Tulipofika kwa Subira tukaona kosa ni letu. Alikuwa amefungwa kwenye mti usio na majani, na maji yake yalikuwa ndoo moja kwa siku, kwa sababu watoto wanayachota mbali. Mnyama wa ukubwa wake, kwenye joto kama hili, anahitaji bido mbili za litre 20, na zaidi. Saa sita ya mchana tulihesabu pumzi zake: 70 kwa dakika. Ikipita 60, mnyama yuko taabuni.

Tukajenga kivuli cha majani chini ya mwembe, kirefu, bila kuta, upepo upite. (Bati la chini chini linachoma kuliko jua lenyewe.) Bido mbili asubuhi, moja jioni. Majani ya viazi vitamu, majani ya karanga na pumba za mahindi vikawa vya jioni, maana kazi ya tumbo nayo inaleta joto. Chumvi kwenye kipande cha gogo, airambe mwenyewe. Mbavu zilikuwa zinahesabika, na mtamba mwembamba hata kwenye baridi hataki dume.

Kisha zamu za kuchunguza, saa tatu ya usiku na saa kumi na moja ya asubuhi. Mtamba aliye peke yake hana wa kumpanda, kwa hiyo jirani akatuazima ng'ombe wake alale naye. Usiku wa siku ya 17 mama wa zamu akatuma mtoto mbio: Subira analia, mkia umeinuka, ute mweupe kama wa yai unaning'inia, na yule mwenzake akimpanda anasimama tuli. Hiyo ya kusimama tuli ndiyo alama ya kweli. Asubuhi tukampeleka kwa dume. Akionekana asubuhi, apelekwe jioni ileile.

Kabla ya dume tuliuliza kama ng'ombe waliopandwa naye wanatupa mimba. Ulizeni hivyo daima, kwa sababu kuna ugonjwa wa namna hiyo unaoingia hata kwa watu kwa maziwa mabichi na kwa kushika kondo la nyuma bila kujikinga. Na siku nyingine tukinunua, tuulize kama mtamba alizaliwa pacha na dume. Wa hivyo, karibu wote, kweli hawazai.

Siku 21 za Subira zinatimia Ijumaa. Akinyamaza safari hii tutafurahi, lakini lazima tuwe tumemwangalia kweli, kuanzia Jumatano mpaka Jumapili. Zamu ya Ijumaa alfajiri bado haina mtu. Anayeweza amwambie mama mshika franga, na alete tochi yake.