Kamera na Saa za Mapumziko



Twaomba nafasi kidogo tuseme juu ya picha za habari, zile zilizokuwa zikionyeshwa katika sinema kabla ya mchezo wenyewe kuanza. Wengi wetu twadhani kwamba habari ni mambo ya wakubwa tu: gwaride, meli kushushwa majini, Bwana Mkubwa akikata utepe. Karani hupita nyuma ameshika faili, na picha hukatwa kabla hajafika mlangoni.

Lakini palikuwa na picha za namna nyingine. Tarehe 1 Januari 1947 Serikali ya Uingereza ilitwaa machimbo ya makaa ya mawe yawe mali ya taifa, na mwaka ule ule Halmashauri ya Makaa ilianza kutoa filamu ya habari kila mwezi, iitwayo Mining Review. Toleo moja lilikuwa la dakika kumi hivi, nalo lilionyeshwa katika mamia ya sinema, wala si kwa wachimbaji peke yao. Filamu hizo ziliendelea kutolewa hata 1983. Mlikuwamo mitambo mipya na hesabu za tani, kama ilivyotazamiwa. Ila mlikuwamo pia bendi za tarumbeta, vikundi vya waimbaji, na mchimbaji aliyekwisha kunawa vumbi la makaa akashika brashi ya kuchorea.

Toleo moja la 1949 latugusa zaidi. Paul Robeson, mwimbaji Mmarekani mweusi, ambaye katika miaka ya 1930 alijifunza Kiswahili huko London, alifika mgodi wa Woolmet karibu na Edinburgh. Aliwaimbia wachimbaji katika chumba chao cha chakula, wimbo wa Joe Hill, mtu wa vyama vya wafanyakazi aliyeuawa kwa hukumu katika Utah mwaka 1915.

Hatusemi kwamba picha zile hazikuwa na ila. Mwenye mgodi ndiye aliyekuwa mwenye kamera, na mwenye kamera si mwepesi wa kuonyesha ugomvi wake na watu wake. Hata hivyo, mtu aonyeshwaye akiimba baada ya zamu huonekana kuwa mtu kamili mwenye mambo yake, si mkono wa kazi tu.

Na tupime ya kwetu. Kati ya 1935 na 1937 filamu 35 zilitengenezwa Vugiri, katika milima ya Usambara, maneno yake yakitiwa katika sahani za santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine. Hizo hazikuwa za habari, zilikuwa za kufundisha: mambo ya ngozi, kuweka akiba Posta. Hatuyadharau, akiba ni akiba. Lakini kamera ilimjia Mwafrika ili imwonye na kumwelekeza. Haikumjia ili imtazame akistarehe. Nazo nyingi katika filamu hizo zimepotea.

Miaka hiyo hiyo makarani walikuwa na maisha yao. Chama cha watumishi Waafrika wa Serikali kilianzishwa Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa miongoni mwa waanzilishi. Ni nani aliyewapiga picha wale mabwana jioni, kanzu zimepigwa pasi, wakisomeana gazeti barazani? Mtu asiyewajua atadhani walizaliwa wameketi mezani kwa Bwana Shauri.

Kwa hiyo twaona yatupasa kufanya mambo mawili. Wanaotengeneza picha za ofisi zetu sasa waombwe wasifunge kamera saa ya kazi ikwishapo. Waende uwanjani na kwenye ngoma. Na kila mwanachama aliye na picha za wazee nyumbani aandike nyuma yake majina, mahali na mwaka, kwa kalamu ya risasi, maana wino hupenya. Asingoje likizo, kwa kuwa wale wawezao kutuambia yule wa tatu kutoka kushoto ni nani wanapungua kila mwaka.