Goti Likichoka, Kiti Si Aibu

Katika kijiji cha Bwejuu, wanawake wengi hulima mwani wakiinama na kuchuchumaa majini. Haishangazi, basi, wakilalamikia magoti uzeeni. Gegedu inayofunika ncha za mifupa huchakaa kadiri umri unavyosonga, na goti lililokunjwa sana, kama wakati wa kusujudu au kukaa tahiyatu, hubanwa zaidi.

Wapo wazee wanaomeza diklofenaki kila siku ili wasionekane wakisali kitini. Dawa hiyo ikitumiwa kiholela huweza kuchimba vidonda tumboni na kudhuru figo. Ya nini hatari hiyo, ilhali Uislamu unamruhusu asiyeweza kusimama asali ameketi, na asiyeweza kuketi asali akiwa amelala ubavu? Kanisa Katoliki nalo halimlazimishi mgonjwa kupiga magoti.

Kwa maoni yangu, mhudumu wa afya asiishie kuuliza, “Goti linauma?” Aongeze: “Shikamoo bibi, sala unaisalije?” Jibu litaonesha goti linakunjika kiasi gani, na pengine litafichua vidonge vinavyomezwa kimya kimya. Hapo ndipo ashauri mazoezi ya misuli ya paja na kiti imara. Nawe mgonjwa, ruhusa uliyopewa itumie. Kuilinda afya hakupunguzi unyenyekevu.