Wekeni Grainda Chini

Mtindo umefika Tabora, na umefikia kwenye simu. Pikipiki ya zamani, tangi lililong'arishwa, kiti kifupi cha ngozi ya kahawia chenye nundu nyuma, hendeli zilizoshushwa hadi mwendeshaji analalia tangi. Madigadi hakuna, keria hakuna. Wanaiita kafe resa. Ni nzuri, sibishi; nimekesha mara nyingi nikitazama video za watu wanaofufua mashine zilizolala miaka thelathini. Ninachokigombea ni kinachofuata baada ya video. Kijana mwenye ajira yake ya kwanza anatafuta Honda kuukuu, anaipata kwa bei ya kutupa kwa familia ya bwana shamba mstaafu, anaisukuma hadi gereji ya chini ya mwembe hapa Chemchem, na kitu cha kwanza anachoagiza ni grainda. Anataka mkia wa fremu ukatwe.

Nasema asikate. Na kwa kuwa atanijibu kwamba siujui mtindo anaoupenda, tuanzie hukohuko ulikotoka.

Ace Cafe ilifunguliwa mwaka 1938 kando ya barabara ya North Circular, London. Vita viliibomoa, ikajengwa upya 1949, na katika miaka ya hamsini na sitini ikawa kijiwe cha vijana wenye pikipiki. Neno kijiwe silitumii kwa utani. Wengi walikuwa watoto wa wafanyakazi, wakilipia mashine zao kidogo kidogo, na walichokitaka ni mwendo: maili 100 kwa saa, kama kilomita 160. Walishusha hendeli ili kuukwepa upepo, wakasogeza vikanyagio nyuma ili mwili ulale, wakavua kila kilichoongeza uzito. Wengine walichukua injini ya Triumph wakaipachika kwenye fremu ya Norton, wakaiita Triton, kwa sababu injini ile ilisifika kwa nguvu na fremu ile kwa kutulia kwenye kona. Hakuna kilichovuliwa ili picha ipendeze. Tena angalia walitumia nini: Triumph, Norton, BSA. Mashine za nchini kwao, zilizojaa mitaani kwao.

Basi mtu akitaka kuwaiga kwa uaminifu hapa kwetu, ashike mashine ipi?

Hebu tuitazame kwanza ile anayoikata. Pikipiki nyingi za zamani unazozikuta vijijini Sikonge au Urambo ziliingia kwa ajili ya kazi: kilimo, misheni, afya, miradi ya wafadhili. Yamaha AG ilitengenezwa kwa ajili ya mashamba. Ina keria mbele na nyuma, cheni iliyofunikwa isiingie mchanga, na stendi pande zote mbili, ili ukishuka kwenye tuta uiegeshe upande wowote. Kila kipande kina sababu, na karibu kila sababu ni mzigo au barabara mbovu. Honda CG125 nayo ilitoka katikati ya miaka ya sabini, baada ya wahandisi wa Honda kwenda kujionea jinsi pikipiki zinavyotumika katika nchi ambazo mtu anapakia kupita kiasi na oili habadilishi mpaka injini ilie. Wakaachana na cheni ya ndani inayozungusha kemshafti ya juu, wakarudi kwenye pushirodi, zile fito mbili nyembamba zinazosukuma valvu kutoka chini. Teknolojia ya kizamani hata kwa wakati ule, lakini inavumilia uzembe wetu. Mtu aliyekaa Japani alitufikiria, akatuchorea injini. Halafu sisi tunaikata ifanane na picha ya Milano.

Huu ni mji wa mizigo. Kabla ya reli kufika mwaka 1912, misafara ya kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika hapa, na sifa ya Mnyamwezi huko pwani ilikuwa bega lake: frasila mbili, kilo thelathini na kitu, siku baada ya siku. Biashara yenyewe ilikuwa na damu, pembe na watu waliouzwa wakipita njia moja, na sina hamu ya kuipaka asali. Nataka tu ukumbuke kwamba chombo cha usafiri hapa kimepimwa kwa kinachobeba tangu chombo chenyewe kikiwa ni mtu. Leo ni ndoo za asali, gunia la mkaa, robota la tumbaku, mama mjamzito anayewahishwa Kitete. Kafe resa ina nafasi ya mtu mmoja, na mtu huyo hana hata mkoba. Sitetei mshikaki, askari wasinielewe vibaya. Ila kijana alipomkabidhi fundi ile Honda, fundi alimuuliza swali moja tu, abiria atakaa wapi, na vijana waliokuwepo wakacheka kana kwamba mzee amepitwa na wakati. Lilikuwa swali la kitaalamu kuliko yote yaliyosemwa pale siku hiyo.

Maana mkia wa fremu haubebi kiti peke yake. Mbele yake kidogo ndipo shokapu za nyuma zinaposhika. Ukikata ovyo na kuchomelea ovyo, unaweka udhaifu karibu kabisa na mahali panapopokea kila shimo. Na hizo hendeli za chini: kwenye lami ya London zilikuwa na maana, mwendo ulikuwepo. Toka nje ya lami hapa, ingia kwenye mchanga wa kiangazi, uzito wako wote ukiwa mbele na mikono imebana kwenye hendeli fupi, kisha unisimulie.

Narudi kwenye swali langu. Mashine ya kuiga Triton kwetu imeegeshwa kijiweni, imefungwa mwavuli. Fungua injini za pikipiki nyingi za Kichina za cc 125 na 150, utakuta pushirodi zilezile, kwa sababu ni nakala za ile CG. (Boxer siisemi, ukoo wake ni mwingine.) Ni wajukuu wa Honda ya bwana shamba. Spea zake ziko kila duka. Fremu yake ukiikata, taifa halijapoteza kitu, nyingine elfu zinapita barabarani. Ukitaka kushusha hendeli, shusha hiyo. Ukitaka mwendo, chezea kabureta na bomba la moshi la hiyo.

Lakini hawataki, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Hawataki kwa sababu ni ya bodaboda. Dereva wa bodaboda ndiye mrembeshaji wa pikipiki wa kweli nchini humu: anashona kava la siti kwa rangi mbili, anafunga redio, anaandika falsafa yake kwenye madigadi ya nyuma, anaongeza taa mpaka pikipiki inafanana na harusi. Anafanya kwa fedha ya siku hiyo, kwenye chombo ambacho kesho lazima kimlishe. Hilo tunaliita ushamba. Mwenzetu mwenye shahada akivua keria na kununua siti ya ngozi, tunaliita sanaa na kumpigia picha pale stesheni. Wale wa Ace Cafe wangekaa na nani, kama si na bodaboda?

Najua hoja mbili zinazokuja. Ya kwanza ni kwamba pikipiki ni yake, amelipa. Sawa, kama kadi imebadilishwa jina. Mara nyingi kadi yenyewe imeshapotea. Ya pili ni nzito zaidi: asingeinunua yeye, ingeishia kwa mnunuzi wa chuma chakavu, ikapimwa kwa kilo na kuyeyushwa kuwa nondo. Hilo ni kweli, na nampa heko kwa kuiokoa kwenye mizani. Lakini ukimwokoa mtu mtoni huna haki ya kumkata mguu.

Tena kukata hakumfundishi kitu. Grainda ni kazi ya dakika kumi. Kufufua ndiko kunakokufanya ukae miezi kwenye stuli ya fundi na kujifunza kwamba tangi lenye kutu hutiwa dizeli na kokoto likatikiswa mpaka mikono iume; kwamba jeti ya kabureta husafishwa kwa upepo, kwa kuwa waya huipanua tundu na pikipiki ikawa inakunywa mafuta; kwamba tapeti hupimwa injini ikiwa imepoa; kwamba ringi mpya kwenye silinda iliyolika ni fedha iliyotupwa. Mafundi wanaoijua AG kwa kuisikiliza ni watu wazima sasa. Wanafunzi wao wanafahamu kubadilisha kitu kizima, si kukirekebisha, kwa sababu spea za Kichina ni rahisi kuliko muda. Anayeleta mashine nzima ya zamani na kusema irudishe ilivyokuwa, nikae hapa nikushikie spana, anailipia elimu hiyo iendelee. Na amlipe kweli, sio soda na picha yenye jina la fundi limekosewa.

Kama bado roho inakusumbua uione bila keria, keria ya AG imeshikwa kwa bolti. Pulizia mafuta usiku, asubuhi fungua taratibu zisikatike. Tia kila kitu kwenye gunia pamoja na washa zake, andika namba ya pikipiki kwa rangi, umpe fundi akutunzie juu ya kabati. Msimu wa tumbaku hauko mbali.