Mangungo Asichekwe Shuleni

Iko desturi katika shule zetu za Kilosa ambayo twaona imedumu mno, nayo yafaa ikomeshwe. Mwalimu akifika katika somo la jinsi nchi yetu ilivyopata kuwa nchi, huanza na Mangungo wa Msovero. Husema ya kwamba mzee huyu hakujua kusoma, akadanganywa na Carl Peters, akatia alama yake katika karatasi, na kwa alama hiyo akaitoa nchi. Watoto hucheka, na kwa kicheko hicho somo la mipaka huhesabiwa kuwa limekwisha. Watu wazima nao wamelishika jina hilo, hata kiongozi akitia sahihi mkataba mbaya huitwa Mangungo. Sisi twasema kwamba mafundisho hayo si ya kweli. Tena kwa watoto wa Mabwerebwere, ambao Msovero imo katika wilaya yao wenyewe, ni aibu.

Natuitazame karatasi yenyewe. Ni ya tarehe 29 Novemba 1884. Ndani yake Mangungo aitwa Sultani, naye asemwa kuwa ameitoa nchi yake yote, na haki zake zote, kwa chama cha Peters. Lakini Usagara haukuwa na sultani mmoja. Watu walikaa chini ya wandewa wao na wazee wa koo zao, kila upande na wake, wala ardhi ya ukoo haikuwa mali ya mtu mmoja hata aigawe milele kwa mgeni. Basi hata kama Mangungo angalisoma kuliko karani wa baraza, asingaliweza kutoa kitu kisichokuwa chake peke yake. Twashangaa kwamba darasani achekwaye ni yule aliyedanganywa, na mdanganyifu hutajwa kama mtu hodari. Peters huyo alifukuzwa kazini na serikali yake mwenyewe mwaka 1897, kwa ajili ya ukatili alioufanya Kilimanjaro. Mbona hilo halisemwi?

Ninyi msomao Biblia mwajua jinsi ardhi inavyotolewa kwa haki. Abrahamu alipotaka mahali pa kumzika Sara, alinena mbele ya wenyeji langoni pa mji. Fedha ikapimwa, shekeli 400. Likatajwa shamba, na pango, na miti ya mipakani. Karatasi ya Msovero yafanana zaidi na zile barua za Yezebeli, zilizotiwa muhuri wa mfalme ili Nabothi apokonywe shamba lake.

Je, karatasi hiyo ilipata wapi nguvu? Hapa ndipo lilipo somo, na hapa ndipo waalimu wengi wanapopita mbio. Tarehe 27 Februari 1885 Kaizari Wilhelm wa Kwanza alitoa hati ya kuzilinda Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Seyyid Barghash wa Unguja alikataa. Mwezi wa Agosti manowari za Wadachi zikasimama mbele ya Unguja na mizinga yao, naye akakubali. Mtoto akiisha kusikia habari hizo, mwulizeni kama ni alama ya Mangungo iliyotwaa nchi, au ni mizinga.

Wengine husema kwamba mipaka yetu ilichorwa mezani katika mkutano wa Berlin. Sivyo. Mkutano ule, uliofunguliwa tarehe 15 Novemba 1884, ulishughulika zaidi na mito ya Kongo na Niger. Mpaka wetu wa kaskazini ulikatwa mwaka 1886, Waingereza na Wadachi walipopatana juu ya mstari utokao mto Umba mpaka ziwa Viktoria, ukiuzunguka Kilimanjaro. (Ile habari ya malkia kumpa mjukuu wake mlima kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa ni hadithi ya kuchekesha tu.) Mwaka 1890 wakapatana tena: Wadachi wakapata kisiwa cha Heligoland, Waingereza wakawa walinzi wa Unguja. Baada ya vita ya 1914 hata 1918, Ruanda na Urundi zikapewa Wabelgiji, Kionga ikapewa Wareno, na sehemu iliyosalia ikaitwa Tanganyika mwaka 1920. Nguo hii ilikatwa na kushonwa na mafundi wengi.

Kisha wenyeji nao wakashika sindano. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru, na tarehe 26 Aprili 1964 ikaungana na Unguja na Pemba. Mwezi wa Julai mwaka huo huo wakuu wa Afrika walikutana Kairo wakaazimu kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru, na Mwalimu Nyerere alikuwa miongoni mwa walioshikilia neno hilo. Kwa nini watu huru waushike mstari uliochorwa na wale waliowatawala? Swali hilo lastahili kupewa siku nzima darasani. Tena waambiwe kwamba nchi bado huzaliwa: Eritrea mwaka 1993, Sudani Kusini mwaka 2011, zote mbili kwa kura za watu wake.

Wako wazazi wasemao kwamba mambo haya ni mazito kwa watoto wadogo. Lakini mtoto wa mkulima ajua mpaka wa shamba kabla hajajua kuhesabu. Tena wilaya yetu imekwisha kumwaga damu kwa ajili ya ardhi. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu zaidi ya 30. Watoto hawa ndio watakaoketi kesho katika halmashauri za vijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ambayo yataka ugawaji wa ardhi upate kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Wageni watawajia na karatasi. Mtoto aliyefundishwa kumcheka Mangungo kwa kuwa hakujua kusoma, atadhani ya kuwa yeye yu salama kwa sababu ajua kusoma.

Basi waalimu wenzetu waanze hivi. Watoto wauzunguke mpaka wa kijiji kwa miguu, pamoja na mzee aujuaye, wauchore, waulize nani alikubali uwe hapo na nani alikuwa shahidi. Ndipo wafike wilaya, na Msovero, na mwisho ramani ya Tanzania. Na huko Msovero wazee wa mahali wapewe nafasi ya kunena kwanza, mwalimu akiwa amenyamaza.