Televisheni Haijamfukuza Mtu Uwanjani

Nimesoma hoja kwamba mechi za Ligi Kuu Tanzania zisionyeshwe mubashara, eti televisheni ndiyo inayowabakiza mashabiki kwenye vibanda umiza. Hapo amekamatwa asiye mwizi.

Kenya walishaonja maisha bila kamera, tena bila kupenda. Mwaka 2017 ligi yao ilipopanuliwa kutoka timu 16 hadi 18, SuperSport ilivunja mkataba wa matangazo ikaondoka. Viwanja havikufurika. Klabu ndizo zilizokaukiwa.

Turudi Dar es Salaam. Simba na Yanga huonyeshwa moja kwa moja, na Uwanja wa Mkapa, wa watu 60,000, bado hujaa. Shabiki huja akijua kuna cha kugombewa. Lakini tangu Azam FC ichukue ubingwa msimu wa 2013/14, hadi 2024/25 kombe halikutoka Kariakoo, kwa Simba na Yanga. Sasa timu nyingine iko nafasi ya tisa, ni Jumatano saa kumi jioni, jua kali, watu wako kazini: aende nani?

Halafu ratiba. Machi 8, 2025 dabi yenyewe ya Simba na Yanga iliahirishwa siku ileile, watu wana tiketi mkononi, wengine wametoka mikoani. Ikaja kuchezwa Juni 25. Kamera ilikosea nini hapo?

Mkataba wa Azam Media wa 2021 ni shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Ndugu yangu, ukizima matangazo, mishahara ya timu ndogo utalipa wewe? Bodi ya Ligi itupe kwanza ratiba isiyoyumba.