Mgomba Upi Ufaao Nyumbani Kwetu Nzilo?

Mama mmoja Mkristo wa hapa Nzilo alitujia baada ya Misa, mkononi ana fedha alizoziweka kwa karo ya mwanawe. Mchuuzi amemwahidi machipukizi ya migomba kutoka Kivu, akiapa kwamba hayaogopi baridi. Je, anunue? Kwa kuwa wasomaji wengi hujiuliza neno hilohilo, tumeona vema kulijibu hapa.

Kolwezi iko katika kimo cha mita zaidi ya 1,400, na katika mwezi wa sita na wa saba usiku wa nchi yetu huwa na baridi kali. Mgomba ni mmea wa joto. Joto likishuka chini ya nyuzi 16 hivi, majani mapya hukawia mno kutoka. Likishuka chini ya 10, hata yaliyopo huumia. Tena hewa ya baridi ni nzito, huteremka usiku na kutulia mabondeni. Sisi wenyewe tuliwahi kupanda makemba bondeni, tukidhani unyevu wa pale utatufaa. Ilipofika mwezi wa saba majani yalikuwa kama karatasi iliyoungua, na mikungu miwili ilikwama ndani ya shina. Migomba ya jirani, mteremkoni juu yetu, haikupata neno.

Makemba ni mali ya misitu yenye joto. Ndizi za kupika za Kivu na Uganda zimezoea milima, ni kweli, lakini zimezoea pia mvua za karibu mwaka mzima, na kwetu kiangazi hukaa tangu mwezi wa tano hata wa tisa. Wazungu wa nchi za theluji husifu mgomba uitwao Musa basjoo; huo hustahimili baridi kweli, ila matunda yake hayaliwi. Mama wa watoto watano ataufanyia nini?

Migomba tunayokula imetokana na wazazi wawili wa mwituni, Musa acuminata na Musa balbisiana. Huyu wa pili ndiye mgumu wa ukame na baridi, na watoto wake waliorithi sehemu kubwa kwake hustahimili vivyo hivyo. Mfano ni Kayinja ya Uganda na Bokoboko ya Tanzania. Mwaka 1955 wataalamu Simmonds na Shepherd walieleza alama 15 za kupambanua nasaba hizo. Moja yatosha kwetu: tazama kikonyo cha jani. Mfereji wake ukiwa wazi, kingo zimetanuka, mgomba umeelekea acuminata. Kingo zikikunjana hata kukaribia kugusana, umeelekea balbisiana. Wanafunzi, jaribuni shuleni!

Wala tusifiche kasoro: Kayinja hushikwa upesi na ugonjwa wa Panama, unaonyausha mgomba toka mizizini. Hapo ndipo neno la yule mchuuzi linapotutia hofu kuliko baridi. Mnyauko wa bakteria ulionekana Uganda mwaka 2001, nao umekwisha kuenea Kivu. Chipukizi laweza kuonekana zima, kumbe limebeba maradhi ndani, likaharibu migomba ya mtaa mzima. Basi tulimwambia mama asinunue.

Na atafute wapi? Katika kiwanja cha jirani ambacho migomba yake imepita viangazi viwili au vitatu bila kunyauka, bila majani kusongamana kileleni. Achague chipukizi lenye majani membamba kama upanga, akwangue shina la chini mpaka liwe jeupe ili kuondoa wadudu, alipande mteremkoni mvua zinapoanza, kisha alifunike nyasi nyingi kuzunguka.

Fedha zimerudi kwenye kikopo cha karo. Machipukizi matatu ameahidiwa na jirani aliye juu ya mteremko, naye ameanza kuchimba mashimo.